Gavana wa kura ng'ambo ya Ruvuma, funguo za mpaka ziko Maputo

HAPA Mtwara mkuu wa mkoa hapigiwi kura, huteuliwa na Rais. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, ilikuwa hivyo hivyo hadi Oktoba 15, 2019, siku ambayo Msumbiji ilifanya uchaguzi uliowapatia wananchi magavana kwa mara ya kwanza. Je, kura ile imembadilishia nini mfanyabiashara anayevuka Kilambo na mzigo wake wa chumvi au sabuni?

Kidogo sana, na sababu yake imo katika namna nafasi hiyo ilivyopatikana.

Madai ya magavana wa kuchaguliwa yalikuwa ya Renamo, chama kikuu cha upinzani wakati huo. Mwaka 2014 mgombea wake, Afonso Dhlakama, alimshinda Filipe Nyusi wa Frelimo kwa kura za urais katika majimbo kama Sofala na Zambezia, lakini Nyusi ndiye aliyeibuka Rais na magavana wote wakateuliwa naye. Renamo ikasema haiwezekani jimbo liichague na bado litawaliwe na mtu wa Frelimo. Risasi zikasikika tena katikati ya nchi. Baada ya mazungumzo marefu Katiba ilirekebishwa mwaka 2018, mwaka ambao Dhlakama alifariki, na Agosti 2019 Nyusi na kiongozi mpya wa Renamo, Ossufo Momade, wakatia saini mkataba wa amani.

Hata hivyo mwananchi hampigii gavana kura moja kwa moja. Anachagua orodha ya chama kwa ajili ya baraza la jimbo, na aliye juu katika orodha inayoongoza ndiye gavana. Frelimo ilitangazwa mshindi katika majimbo yote 10, na Valige Tauabo akawa gavana wa Cabo Delgado. Renamo iliyakataa matokeo. Mwaka 2024 Frelimo ilitangazwa tena mshindi kote, safari hii kukiwa na maandamano makubwa, na Renamo ikapoteza nafasi ya pili bungeni kwa chama cha Podemos.

Sasa tuje kwenye mfuko wa mkulima. Gavana amepewa kilimo, uvuvi, biashara ya ndani ya jimbo, afya ya msingi na barabara za ngazi ya jimbo. Ulinzi, forodha, kodi kuu na gesi vimebaki Maputo. Tena kila jimbo limewekewa Katibu wa Serikali anayeteuliwa na Rais. Kwa Cabo Delgado wa kwanza, mwaka 2020, alikuwa Armindo Ngunga. Nyumba moja, wenye nyumba wawili, na mwenye funguo za stoo si yule aliyepigiwa kura.

Vita ndivyo vilivyoonyesha nani mwenye kauli. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya upande wetu. Machi 2021 waliingia Palma, mji uliokuwa soko la wafanyabiashara wengi wa Mtwara. Uamuzi wa kuyaita majeshi ya Rwanda mwaka huo haukutoka ofisi ya gavana mjini Pemba.

Korosho nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya Msumbiji ya mwaka 1999 iliweka ushuru wa asilimia 18 hadi 22 kwa korosho ghafi zinazouzwa nje, ili viwanda vya ndani vipate malighafi. Ushuru wa namna hiyo kwa kawaida hushusha bei anayolipwa mkulima, hivyo minada ya Mtwara ikichangamka, magunia ya ng'ambo huona njia ya kuja huku. Gavana wa Cabo Delgado hawezi kuubadili hata kwa asilimia moja.

Tusiwacheke. Mwaka 2018 wabunge wa kusini, wa CCM na wa CUF, walisimama pamoja kupinga fedha zote za ushuru wa korosho kupelekwa Mfuko Mkuu wa Hazina, badala ya asilimia 65 kurudi kwenye zao. Walichaguliwa kwa kura za wakulima, na bado walishindwa Dodoma.

Kwa hiyo chama cha ushirika kinachotaka kuuza mbegu au kushiriki maonyesho ya kilimo Pemba kina sababu ya kugonga mlango wa gavana, maana hiyo ni kazi yake. Lakini mzigo ukizuiwa Namoto, barua kwa gavana itakula muda tu wakati samaki wanaoza. Hilo ni suala la forodha ya Msumbiji. Kwa upande wetu ni TRA na ofisi ya mkuu wa mkoa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa, na ambaye angalau anaweza kulifikisha serikalini likazungumzwe na Maputo.