Utafiti pekee hautaliokoa Ziwa Victoria
SAMAKI hawajui mpaka. Mbuta anayekulia katika maji ya Uganda huenda akanaswa Kenya au Tanzania. Ndiyo maana nchi hizo tatu zilitia saini mkataba mnamo 1994 wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO), lenye makao yake Jinja.

Kupitia shirika hilo, wanasayansi wa pande zote hukadiria wingi wa samaki kwa pamoja. Hiyo ni hatua kubwa, ikikumbukwa kwamba kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1977 kulisambaratisha utafiti wa aina hiyo.

Hata hivyo, nchi zinazohesabu samaki pamoja huwaadhibu wavuvi kila moja kivyake. Mnamo 2017 Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kukabiliana na uvuvi haramu. Kenya nayo inamiliki takriban asilimia 6 pekee ya ziwa, na wavuvi wake huvuka mpaka usioonekana wakitafuta riziki, wakaishia korokoroni. Mzozo wa kisiwa cha Migingo ni ushahidi tosha.

Matokeo ya utafiti yatamfaa mvuvi iwapo tu serikali zitayageuza kuwa kanuni moja, inayotekelezwa kwa usawa katika fuo zote.