Tuzitoe Globu Kwenye Mabaraza Yetu

Pita usiku katika mitaa ya Manzese, Buguruni au Mbagala, hapa Dar es Salaam, uyatazame mabaraza. Bado utakuta nyumba zilizoachiwa globu ya wati 100 iwake tangu magharibi hadi alfajiri, kwa ajili ya usalama. Kujilinda si kosa. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuketi wakapiga hesabu ya kile inachokula globu hiyo?

Saa 12 kila usiku, kwa siku 30, ni uniti 36. Sasa, bei za umeme za mwaka 2016 zilimwekea mteja mdogo wa nyumbani unafuu: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo, na kila inayozidi hapo ni shilingi 350. Taa moja tu ya barazani inameza karibu nusu ya unafuu wa nyumba nzima! Chukua nyumba inayotumia uniti 95: kwa bei hizo hulipa shilingi 14,500. Ikifunga barazani taa ya LED ya wati 15, yenye mwanga uleule, uniti zitashuka hadi 64 hivi, na malipo hadi 6,400. Zaidi ya shilingi 8,000 zinabaki kila mwezi, na taa yenyewe huuzwa shilingi elfu chache.

Globu huangaza kwa kupasha moto uzi mwembamba hadi uwake mweupe. Katika sehemu 20 za umeme, kama moja tu ndiyo hugeuka mwanga; zilizobaki ni joto. Anayelea vifaranga ana haki ya kuinunua, kwa kuwa joto ndilo analolitafuta. Sisi wengine, Dar es Salaam hii, mwezi wa Januari, joto la kununua la nini?

Wapo wasemao kwamba LED hufa upesi. Ni kweli kwa zile za ovyo zisizo na nembo ya TBS, shirika la viwango. Iliyotengenezwa sawasawa hudumu saa 15,000 na zaidi, hali globu hudumu 1,000 hivi. Ile ya barazani haimalizi miezi mitatu. Ukienda dukani soma boksi, utazame lumeni, yaani kipimo cha mwanga, maana wati zinaeleza ulaji wala si mwanga. Anza na taa inayowaka muda mrefu. Ya stoo ingoje.

Wenye nyumba, neno hili ni lenu kwanza. Mpangaji hana ruhusa ya kugusa taa ya baraza, lakini ndiye anayechangishwa fedha za umeme wa LUKU, na michango hiyo imewagombanisha majirani wengi waliokuwa wakiazimana chumvi. Inunueni taa hiyo ninyi, muifunge kabla mwezi huu haujaisha.