Kadi Ikizuiwa, Mteja Aelezwe Yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu juu ya jinsi baadhi ya benki zetu zinavyowahudumia wateja ambao kadi zao zimezuiwa.

Hivi karibuni benki yangu ilizuia kadi yangu baada ya mtu nisiyemjua kujaribu kuitumia usiku kununulia vitu nchi ya nje. Kwa hilo sina ugomvi nao, kwani bila hatua hiyo mshahara wangu ungeyeyuka. Nilikwenda tawini, nikajaza fomu, na baada ya siku tisa nikapewa kadi mpya. Karani akaniambia, "Basi mzee, mambo yamekwisha." Nikaondoka na furaha yangu.

Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Bima ya matibabu ya mama yangu hukatwa kwa kadi ile kila tarehe 5. Siku hiyo ilipofika, kampuni ya bima iliitoza namba ya zamani, ikakataliwa. Ikajaribu tena, ikakataliwa, kisha ikasimamisha bima. Taarifa waliituma kwa barua pepe, ambayo siifungui kila siku. Nilikuja kujua pale mama, mwenye umri wa miaka 71 na ugonjwa wa kisukari, aliporudishwa dirishani hospitalini bila dawa. Fedha ya bima ilikuwa bado imelala katika akaunti, lakini haikutosha kununua dawa zote taslimu. Ilibidi nikope kwa jirani.

La ajabu ni kwamba rejesho la mkopo wangu wa benki hiyo hiyo lilikatwa siku yake bila kukosa. Nilipouliza ndipo nikaelezwa kuwa mkopo hukatwa katika akaunti, na akaunti haikuguswa. Bima imefungwa kwenye namba 16 za kadi. Kadi mpya ina namba nyingine, hivyo kila mwenye namba ya zamani anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Maelezo haya ni ya dakika mbili. Kwa nini sikupewa siku ile nilipojaza fomu?

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Mtego aliwekewa mwizi, akanaswa mama yangu.

Isitoshe, hili si jambo lisilo na dawa. Visa na Mastercard wanao utaratibu wa kuwafikishia watozaji namba mpya ya kadi, mradi benki na mtozaji wote wawe wamejiunga nao. Lakini hata bila utaratibu huo, benki ina kumbukumbu zote. Kadi inapozuiwa, mteja apewe karatasi yenye orodha ya wote walioitoza kadi hiyo katika miezi 12 iliyopita, ili hata malipo ya mara moja kwa mwaka yasisahaulike. Karatasi hiyo iandikwe kwa Kiswahili, nayo itaje malipo yatakayoendelea na yatakayokatika.

Kampuni za bima nazo zijirekebishe. Mteja aliyelipa miaka mitatu bila kukosa hawezi kugeuka mdaiwa sugu kwa usiku mmoja. Apigiwe simu na apewe siku chache za kurekebisha namba kabla mgonjwa hajafukuzwa dirishani.

Nasi wateja tusilale. Ndugu zangu wasomaji, andikeni katika daftari malipo yote yanayojikata kwa kadi, tarehe zake na simu za wahusika. Yale yanayogusa uhai, kama bima, ni heri kuiagiza benki iyalipe moja kwa moja kutoka katika akaunti. Kadi ni kitu cha kupotea, kuibwa na kwisha muda.

Benki zinatushawishi kila siku tuache kubeba fedha mfukoni tutumie kadi. Wito huo tumeuitikia. Basi kadi inapofungwa, wasitufungie na habari zake. Naomba wahusika walitazame jambo hili mapema, kwani mgonjwa hasubiri fomu.

Mteja Mwaminifu,
Morogoro.