Mgongo wa Mpigapicha: Mandhari ya St. Louis

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kuuliza nani anasimulia, na anasimulia akiwa amesimama wapi. Ajabu ni kwamba tunapotazama picha za miji hatuulizi swali hilo. Picha hupokewa kama ushahidi usio na msemaji. Makala haya yanadai kwamba picha ya mji ina msimulizi sawasawa na riwaya, na kwamba St. Louis, mji wa Marekani ulio ukingoni mwa Mto Mississippi, ni mfano mwafaka.

Apendaye kuunasa mji huo kwa upana wake aghalabu huvuka mto hadi ukingo wa mashariki, ambako mwaka 2009 lilifunguliwa jukwaa la kutazamia katika Bustani ya Malcolm W. Martin. Kutoka hapo, Gateway Arch, tao la chuma kisichoshika kutu lenye kimo cha mita 192 na upana uo huo, huonekana limelikumbatia kuba la Mahakama ya Kale. Kuliani kuna Daraja la Eads la mwaka 1874. Asubuhi jua humpiga mpigapicha mgongoni na kuling'arisha tao. Jioni majengo hugeuka weusi mtupu, vilele vyake vikachorwa angani kana kwamba kwa wino. Uzuri huo siukani. Eero Saarinen, msanifu wa tao hilo, alifariki mwaka 1961, miaka minne kabla ya kukamilika kwake.

Hata hivyo, uwanja wa nyasi unaolizunguka tao haukuwa mtupu tangu jadi. Kuanzia mwaka 1939 vitalu vya majengo vipatavyo 40 vilibomolewa hapo. Kanisa Kuu la Kale la mwaka 1834 likasazwa. Na kuba lile linalopendeza katikati ya picha ni la jengo ambamo Dred Scott na mkewe Harriet, waliokuwa watumwa, walidai uhuru wao katika kesi za mwaka 1847 na 1850, dai ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani ililitupa mwaka 1857 kwa kauli kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Tao lenyewe, lilipokuwa likijengwa, lilipandwa na Percy Green na Richard Daly tarehe 14 Julai 1964, wakilalamikia kunyimwa kwa watu weusi kazi za ufundi katika mradi huo. Katika picha za leo chuma kinameremeta tu.

Lililo zito zaidi liko nyuma ya kamera. Ukingo ule wa mashariki ni East St. Louis, mji mwingine katika jimbo jingine, Illinois. Humo, Julai 1917, makundi ya Wazungu yaliwaua wakazi weusi na kuziteketeza nyumba zao. Hesabu rasmi ilitaja weusi 39. Wengi huiona kuwa ndogo mno. Mpigapicha basi husimama katika mji mmoja ili ausifu wa pili, na ule unaoibeba miguu yake haumo pichani hata kwa kivuli. Neno letu mandhari, tulilolipata kutoka Kiarabu, lina mzizi wa kutazama: bila jicho na mahali pa jicho hilo, hakuna mandhari.

Nitaambiwa kwamba mpigapicha wa majengo si mwanahistoria. Namjibu mwenye hoja hiyo kwa Thomas Easterly. Huyu alikuwa mpigapicha wa St. Louis katika karne ya 19, akitumia mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Mji ulipokuwa ukijitanua, kilima kikubwa cha udongo kilichojengwa na wenyeji wa asili, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, kilikuwa kikimegwa. Easterly alikirudia tena na tena hadi kilipomalizwa mwaka 1869. Hakungoja mwanga wa dhahabu. Mabamba yake yamedumu, kilima hakipo.

Hatuhitaji kuiacha picha ya tao. Anayelipanda jukwaa lile na aipige, kisha aigeuze stendi yake kuelekea mashariki, apige ya pili, na azichapishe zote mbili katika ukurasa mmoja, kwa ukubwa sawa.