Old Kampala: Tusiishie Kwenye Mnara, Tukisome na Kilima



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlioko mashuleni na vyuoni,

Likizo ikikaribia familia nyingi huulizana: safari hii watoto tuwapeleke wapi? Wenye jamaa Ulaya huenda London, na huko ni nadra mtu kurudi bila picha ya Trafalgar Square, chini ya nguzo ya Nelson. Mtoto akirudi nyumbani anajua kwamba uwanja ule umepewa jina la vita vya mwaka 1805, na anajua Nelson alikuwa nani. Si vibaya. Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame yaliyowafika waliotutangulia. Lakini mtoto huyo huyo, aliyezaliwa Kampala au aliyekuja kutoka Mombasa au Mwanza kutembea, ukimuuliza habari za Old Kampala atakujibu: "Pale kuna msikiti wa Gaddafi, unapanda mnara unaona mji wote." Basi, habari imekwisha.

Maoni yangu ni kwamba ziara zetu za Old Kampala ni nusu ya ziara. Tunapanda mnara, tunapiga picha, tunaswali Adhuhuri, tunashuka kutafuta chakula. Kilima chenyewe hatukisomi. Na kilima hiki kina darasa ambalo watoto wetu wanalihitaji kuliko nguzo ya Nelson, kwa sababu ni darasa linalotuhusu sisi.

Tuanze na jina. Waganda walikiita kilima hiki Kasozi k'Empala, yaani kilima cha swala wale wanaoitwa impala. Kutokana na jina hilo mji mzima ukaitwa Kampala. Mwezi wa Desemba 1890 akafika hapo Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza iliyoitwa IBEAC, akapiga kambi na kujenga ngome. Je, hakuja na Waislamu? Mizigo yake ilibebwa na wapagazi wa Kiswahili kutoka pwani yetu, na miongoni mwa askari wake walikuwamo Wasudani. Mwaka 1891 akaenda magharibi hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wengine wa Kisudani waliobaki katika jeshi la Emin Pasha, chini ya Selim Bey. Hao ni katika mababu wa ndugu zetu Wanubi wa Uganda. Kwa hiyo adhana na Kiswahili vilikuwa kilimani pale zaidi ya miaka mia moja kabla ya msikiti tunaouona leo.

Hapa ndipo penye uzito. Tarehe 24 Januari 1892 yalitokea mapigano ya Mengo. Waganda wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki walipigana, na Lugard, aliyekuwa amewapa bunduki Waprotestanti, akawasaidia kwa mzinga wa Maxim. Wakatoliki wakashindwa, na Kabaka Mwanga akakimbilia visiwani. Baadaye mwaka huo huo Lugard akapatana na Waislamu wa Buganda waliokuwa wakiongozwa na Nuhu Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza, na Selim Bey akiwa mpatanishi. Mbogo akaja Kampala, na Waislamu wakapewa sehemu tatu: Butambala, Gomba na Busujju. Mwaka uliofuata mambo yakaharibika. Waingereza wakamshuku Selim Bey kwamba anawaunga mkono Waislamu wenzake, wakamwondoa Uganda, akafariki njiani. Mbogo akapelekwa Zanzibar. Waislamu wakabakiwa na Butambala tu.

Mtoto akielezwa hayo akiwa amesimama pale pale, ataelewa mambo mawili. Kwanza, Waislamu si wageni katika historia ya mji huu. Pili, mababu zetu hawakuwa upande mmoja siku zote. Wapo waliobeba mizigo na bunduki za mkoloni, na wapo waliopokonywa nchi naye. Wote walikuwa wakiswali kuelekea kibla kimoja.

Kisha tufike mwaka 1972. Mwaka huo Idi Amin aliunda Baraza Kuu la Waislamu Uganda (UMSC), na kilima hiki kikatolewa kwa ajili ya makao makuu na msikiti wa taifa. Ujenzi ukaanza katika miaka ya 1970, ukasimama baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979, na jengo likabaki gofu kwa miaka mingi hadi Libya ilipojitolea kulimaliza. Mwezi wa Machi 2008 Muammar Gaddafi mwenyewe akaja kulifungua. Aliuawa mwaka 2011, na mwaka 2013 jina likabadilishwa likawa Msikiti wa Taifa wa Uganda, ingawa wengi bado hutaja jina lake.

Sehemu hii tunaipenda, tunaisimulia kwa fahari. Lakini mwaka huo huo wa 1972, mwezi wa Agosti, mtawala huyo huyo aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Old Kampala ilikuwa mitaa yao: nyumba zao, maduka yao, shule za watoto wao. Walikuwamo Mabaniani na Makalasinga, na walikuwamo Waislamu pia: Sunni, Ismailia, Bohora, Ithnaasheri. Waliacha funguo na kuondoka.

Najua wapo watakaosema: "Kwa nini kuwaambia watoto haya? Tusemeni mema tu, mabaya yatatuaibisha mbele ya wengine." Nawaelewa, maana Waislamu wa Uganda walipata taabu kubwa baada ya 1979 kwa sababu ya kuhesabiwa kuwa watu wa Amin, hata wale waliokuwa wamedhulumiwa naye. Lakini Qur'ani, katika Suratun Nisaa aya ya 135, inatutaka tuwe mashahidi wa haki hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu. Mtoto tusiyemwambia sisi ataambiwa na wengine, shuleni au kwenye mtandao, na atadhani tulimficha kwa sababu hatuna la kujibu. Jibu tunalo: tunashukuru kwa msikiti, na hatuiiti dhulma kuwa uadilifu kwa sababu aliyeifanya alitupa ardhi.

Lipo na jingine. Siku hizi mtoto wa Kampala anasikia wakubwa wakisema "wale wa Old Kampala" na "wale wa Kibuli" kama majina ya kambi mbili za uongozi. Akikijua kilima kwa historia yake, pengine atajifunza kulitaja jina hili bila ya kulitia ugomvi.

Basi mkienda, in shaa Allaah, nashauri hivi:

1. Someni kidogo kabla ya kwenda. Majina manne yanatosha: Lugard, Selim Bey, Mbogo na Amin.

2. Msilipite jengo la ngome ya Lugard. Lilihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupisha msikiti, likajengwa upya pembeni, hapo hapo kilimani. Wengi hupita mbele yake bila kuuliza ni nini.

3. Ngazi za mnara ni zaidi ya 300, kwa hiyo wazee na wenye maradhi ya moyo wasijilazimishe. Mkifika juu, mwacheni mtoto avitaje vilima: Mengo penye kasri la Kabaka, Namirembe penye kanisa kuu la Kianglikana, Rubaga la Wakatoliki, Kibuli penye msikiti, Kasubi penye makaburi ya wafalme. Vita vya 1892 vilipiganwa humo humo kati ya vilima hivyo. Leo watu wake wanapanda matatu moja.

4. Mkishuka, mwulizeni swali: "Ungekuwa wewe mwaka 1892, au mwaka 1972, ungefanya nini?" Msimjibie. Mwacheni afikiri.

Ziara ya namna hii haihitaji viza wala tiketi ya ndege. Inahitaji mzazi aliyejiandaa na aliye tayari kusema kweli.

Mwenyezi Mungu awape rehema waliotutangulia, atuongoze sisi tuliobaki, na awajaalie watoto wetu wawe watu wa haki popote watakaposimama. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.