Kuchemsha maji pekee hakutoshi, tudai vipimo

Hivi karibuni mama mmoja wa hapa Maganzo aliniletea mwanawe wa miaka tisa mwenye meno ya rangi ya kahawia. "Daktari, nimemchapa sana huyu, hapigi mswaki," aliniambia. Mtoto hakuwa na kosa. Meno yale yanatokana na madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji ya kisima, ambayo ameyanywa tangu meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya. Mama huyo huchemsha maji kila siku.

Ndugu msomaji, kuchemsha maji usiache. Huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini hakuondoi floraidi wala aseniki. Maji yakipungua sufuriani, kemikali hizo hubaki na kukolea zaidi.

Floraidi angalau huacha alama. Zebaki haionyeshi meno wala haibadilishi rangi ya maji. Wachimbaji wadogo wa dhahabu ukanda huu huitumia kunasa dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake huvutwa na walio karibu, na inayobaki kwenye marudio inaweza kusombwa na mvua hadi mtoni na kuingia kwa samaki. Hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

Wanasayansi wanatengeneza aina ya plastiki inayoweza kuinasa sumu kama hiyo. Ng'ombe akikanyaga tope la lambo, tope likikauka alama ya kwato hubaki na umbo lake. Ndivyo inavyofanyika: plastiki huundwa kuizunguka kemikali inayotafutwa, kisha kemikali hutolewa na kuacha vishimo vyenye umbo lake. Maji yakipita, kemikali ile hunasa humo, ikapimwa au ikaondolewa. Kazi hii ilianza na mkemia Günter Wulff wa Ujerumani mwaka 1972, na leo zipo za zebaki na za viuatilifu vya mashambani.

Naipenda teknolojia hii, lakini sehemu kubwa bado iko maabara. Kwa hiyo muuzaji akikuletea chujio "linaloondoa sumu zote", muulize: sumu ipi, na limepimwa wapi?

Novemba 7, 2022 ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui, majirani zetu, ulibomoka na tope likafunika mashamba na makazi. Siku kama ile ndipo kila mtu huuliza kama maji ni salama. Mimi nasema tuulize kila mwaka, kabla ya ajali.

Vipimo vya kawaida vipo tayari. Kwenye mkutano wa kijiji, waombeni RUWASA wapeleke maji ya kila kisima maabara, na matokeo yabandikwe ofisini kama mapato na matumizi yanavyobandikwa. Viwango vya Shirika la Afya Duniani ni hivi: kwa lita moja, floraidi isizidi miligramu 1.5, aseniki 0.01 na zebaki 0.006.

Wakati tukisubiri majibu, mjamzito na watoto wakae mbali na wanapochoma dhahabu. Na mtoto mwenye meno ya kahawia mlete kliniki tumwone, usimchape.