Kadi ya Intaneti Ijaribiwe Kabla ya Kulipa

Ndugu wafanyakazi, huku Mashimoni wengi wetu twanunua laptopu zilizokwisha tumika ng'ambo. Baadhi zina nafasi ya kadi ya laini ndani, lakini si kila kadi yafaa. Baadhi ya mashine za HP na Lenovo hukataa kuwaka zikikuta kadi isiyo katika orodha ya mtengenezaji. Tena kadi iliyofanyizwa kwa Marekani huenda isishike masafa ya Kenya, ambako 3G ilianza kwa megahezi 2100. Naona afadhali modemu ya kuchomeka ya USB, isiyofungiwa kampuni moja. Mwenye duka akikataa tuijaribu kwa laini yetu kabla ya kulipa, sote tumwache. Fedha yetu ni ya jasho; tusiitupe.